Mwaka Nilipokaribia Kuwa Dada wa Mchumba Wangu

Wiki iliyopita Mwanaidi binti Iddi alinijia hapa Makole, akanikuta uani nachambua mlenda, akaniambia baba yake amefariki huko Kondoa. Aliniamkia vizuri, akakaa mkekani, akarekebisha ushungi wake, akasema mzee hakuteseka: alikunywa uji asubuhi, akaomba alazwe kivulini, ikawa ndiyo basi. Nilimpa pole, kisha kicheko kikanitoka kabla sijakizuia. Mjukuu wangu Neema, ambaye kazi yake ni kuchoma watu sindano zahanati, akanikazia macho. "Bibi, mwenzio kafiwa, wewe unacheka?" Nikamwambia marehemu ndiye mwanamume wa kwanza kunishika mkono, tena mbele ya baba yangu. Mwanaidi naye akacheka huku machozi yakimtoka, kwa sababu kisa hicho baba yake alikisimulia kwao miaka yote, na nasikia kila alipokisimulia alikiongezea chumvi. Mimi sina haja ya chumvi. Nitakisema kilivyokuwa.

Ulikuwa mwaka ambao gari moshi lilikuwa bado geni kwetu. Reli ya Mjerumani ilikuwa imefika Dodoma na inasukumwa kuelekea magharibi, na sisi tuliokaa upande huu ambao leo unaitwa Ipagala tuliacha jembe kila lilipolia, tukautazama moshi wake hadi upotee, ndipo tukaendelea kulima. Habari za ukoo wangu sitazisema. Mwenye hamu ya majina ya mababu akaulize kwingine. Ninachokikumbuka mimi ni nyumba. Tembe letu lilikuwa refu na la chini, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo ambalo juu yake tulianika mboga na karanga. Ndani mlikuwa na ubaridi hata jua la mchana likiwaka vipi, na harufu ya moshi, maziwa ya mgando na ndama, maana ndama wachanga walilala nasi. Jiwe la kusagia lilikaa chumba cha ndani, karibu na tundu dogo la ukutani linaloangalia zizi, ambako wanaume walikaa kuzungumza. Wanaume wa kwetu walidhani msichana akisaga hasikii. Habari zote za nchi nilizipata nimepiga magoti pale, nikisaga polepole penye utamu na kwa kasi penye upuuzi. Watoto wangu leo wana redio, na sioni kama wanajua mengi kunishinda.

Kwa tundu lile ndipo nilipojua kwamba naposwa. Mposaji alikuwa Chilewa, kijana wa kijiji cha ng'ambo ya korongo, mrefu, mwenye meno mazuri na mdomo usiofungwa. Alikuwa ameajiriwa kambi ya reli kubeba mataruma ya kulazia reli, na kila alipopata siku ya kupumzika alikuja kwetu akisingizia ng'ombe aliyepotea. Ng'ombe huyo alipotea mara nyingi mno. Mimi nilijifanya hamnazo, lakini nilikuwa nampenda, na leo kwa umri huu sioni aibu kuliandika: nilimpenda hadi ugali ukawa haupiti kooni akichelewa. Wazee walikubaliana ng'ombe wa mahari, baadhi wakaletwa zizini kwetu, na harusi ikapangwa baada ya mavuno ya uwele. Wakati huo wote hakuna aliyeniambia kitu. Nilikuwa nasaga.

Kabla ya mavuno ikavuma kwamba ndui imeonekana kwa wapagazi waliotoka magharibi. Wazee wetu waliijua ndui. Mama alikuwa na makovu yake usoni tangu utotoni, na neno lenyewe hakupenda litajwe ndani ya nyumba. Basi asubuhi moja jumbe akapiga ngoma, tukaenda uwanjani, na pale tukakuta askari wawili wenye viboko na mtu mmoja mwembamba aliyevaa kanzu safi kuliko kanzu yoyote niliyokuwa nimeiona. Huyo ndiye Iddi, Mrangi wa Kondoa, aliyefundishwa na bwana mganga wa boma kazi ya kuchanja. Pembeni yake aliketi mwanamke kijana, Mwendwa, mwenye macho ya uchovu, na mapajani mwake mtoto wa kiume wa kama mwaka mmoja, Ndahani. Mama yangu hakuwepo. Alikuwa ameingia ndani ya kihenge cha nafaka, akajifunika kwa ungo, na nilikuwa nimeagizwa niseme amekwenda kuchota maji. Kwa jinsi alivyokuwa mnene sijui aliingiaje, ila kumtoa jioni tulihitaji watu watatu na mafuta ya samli.

Iddi alisimama akasema maneno machache kwa Kiswahili, jumbe akayageuza kwa Kigogo. Alisema serikali inataka tusife, kwamba ni mkwaruzo mdogo tu begani, kwamba utavimba kidogo kisha utapona. Akauliza, "Mnakubali?" Sisi tulikuwa bado tunatazamana, jumbe akajibu kwa sauti kubwa, "Tunakubali!" Askari wakaanza kutupanga mstari. Nilipofika mbele niliona anachofanya. Mkono wa yule mtoto ulikuwa na malengelenge, na Iddi alitoboa lengelenge kwa ncha ya kisu kidogo, akachukua maji yake, akamkwaruza nayo mtu aliye mbele yake. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Iddi akanishika mkono. Nikamwuliza, "Kinatoka wapi hicho, na kinafanya nini kikiingia?" Aliniangalia, akamwangalia askari aliyekuwa anapiga kiboko chake kwenye gaita za miguuni, akasema, "Geuza mkono, binti." Nikaugeuza. Mjukuu wangu huniuliza kwa nini watu wa zamani tulikuwa waoga wa sindano. Mimi sikuogopa kile kisu hata kidogo. Niliudhika, na kuudhika kule sijakusahau.

Wageni walilala kwetu, kwa kuwa tembe letu lilikuwa na chumba cha mbele kikubwa. Mama, akiwa bado na punje za uwele nyweleni, aliwapikia kama vile hakuwa amewakimbia mchana kutwa: ugali wa uwele, mlenda uliochanganywa na karanga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Iddi alikula kwa adabu, akasifu mlenda, akaomba maji ya kutawadha. Nilikaa jikoni na Mwendwa, tukamkanda mtoto mkono kwa maji ya vuguvugu. Nilimwuliza kama mtoto alizaliwa na malengelenge yale.

"Azaliwe nayo wapi!" akasema. "Walimchanja kwanza bomani. Yalipoiva wakaniambia, mama, njoo na mtoto wako. Leo hapa, kesho kambi ya reli."

"Uliwakubalia?"

"Waliniambia njoo. Nimekuja." Akamfunika mtoto. "Dawa ya chupa imeharibika kwa joto, ndivyo anavyosema huyo Mrangi. Basi chupa ni mwanangu."

Nilimpa maziwa yangu, akanywa yote. Kulipokucha walikwenda zao kambini, na mimi nikabaki nawashwa begani, nikimfikiria yule mtoto. Ningejua balaa lililokuwa linanijia ningeyafikiria mambo yangu.

Siku chache baadaye Chilewa akaja kutafuta ng'ombe wake. Baba alikuwa zizini na wazee wawili, mimi nilikuwa jiweni, na kwa tundu nilimwona akiingia anang'aa kama aliyepata cheo. "Mbukwa, wazee!" Akavua shuka begani, akaonyesha mkono wenye malengelenge manne yaliyojaa. "Ndui hainipati tena mimi! Walituchanja kambini, kambi nzima, kwa mtoto mmoja mdogo, mama yake mwembamba, analia huyo mtoto, wee!" Akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Baba alikuwa na malengelenge yake begani, na alikuwa amekwisha kuyaona yangu. Akamwuliza polepole mtoto huyo anaitwaje. Chilewa, mdomo wake usiofungwa, akasema, "Ndahani." Baba akamwambia aende nyumbani kwao, na asirudi kutafuta ng'ombe yeyote mpaka aitwe.

Inabidi nieleze, kwa ajili ya vijana. Kwetu wanaume wawili walioshibana waliweza kufanywa ndugu. Walichanjwa vifuani, damu ya huyu ikapakwa kwenye kipande cha ini akala yule, na ya yule akala huyu, na kuanzia hapo walikuwa wa tumbo moja. Mali ilikuwa ya wote, msiba ulikuwa wa wote, na watoto wao hawakuoana, kama wasivyooana watoto wa baba mmoja. Sasa baba alifikiri hivi: kilichotoka mwilini mwa Ndahani kimeingia mwilini mwa binti yangu kwa kisu, na kikaingia mwilini mwa Chilewa kwa kisu kile kile. Basi hawa ni ndugu. Nilimsikia akimwambia mama kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Nitarudisha ng'ombe. Siwezi kumwoza kwa kaka yake." Mama hakubisha. Mimi niliweka kichwa juu ya jiwe, unga ukanipaka uso, nikalia bila sauti, na nilijiona sina la kufanya. Neema huwa anasema yalikuwa mawazo ya kijinga. Huenda. Lakini mtu akikuingiza kitu mwilini bila kukuambia ni nini, utakieleza kwa hayo unayoyajua, na baba yangu alijua undugu.

Yalipita majuma ambayo sina hamu ya kuyasimulia. Uwele ukavunwa, tukaupura, wasichana wenzangu wakaniangalia kwa huruma iliyonichoma kuliko matusi. Chilewa hakukubali. Akamshika mjomba wake, mjomba akamshika baba, na mwisho wakakubaliana waitwe wenye kujua. Mwenye kujua alikuwa Mzee Msonjela, ambaye ndiye aliyeshika kisu cha undugu pande zetu zote, mtu mfupi, mchokozi, mpenda tumbaku ya kunusa. Akasema hatatoa neno bila kumsikia yule Mrangi. Iddi akatumiwa mtu bomani, akaja, na askari mmoja wa boma akaja naye, maana siku hizo mchanjaji hakutembea peke yake.

Walikaa zizini asubuhi, jua likiwa bado la kuvumilika. Mama aliwapelekea togwa. Mimi nilikuwa jiweni, lakini siku ile sikuongeza hata punje, nikawa nasugua unga uliokwisha kulainika ili wasishtuke. Kwa tundu nilimwona Chilewa ameinama, ananyofoa nyuzi za shuka lake. Msonjela alimwuliza Iddi kama ni kweli maji yaliyoingia mikononi mwa watu wa hapa na wa kambini yalitoka kwa mtoto mmoja. Nikamwomba Mungu aseme uongo. Ingekuwa rahisi tu aseme walikuwa watoto wawili, nani angejua?

"Ni kweli, mzee," akasema Iddi. "Mtoto ni yule yule."

Baba akapumua kwa nguvu. Mjomba wa Chilewa akapiga paja lake. Mimi nikaacha kusugua jiwe, na hakuna aliyegundua. Msonjela yeye akanusa tumbaku yake, akapiga chafya, akaendelea kana kwamba ndiyo kwanza kikao kinaanza.

"Mimi nikiwafanya watu ndugu, kabla ya kisu namwuliza mmoja mmoja. Namwambia kisu hiki kinaingiza nini, kinakufunga na nani, na ukikiuka kitakupata nini. Anajibu kwa kinywa chake. Asipojibu, kisu narudisha alani. Sasa wewe mgeni, huyu binti ulimwuliza?"

Iddi akatazama langoni. Askari alikuwa ameegemea lango la zizi anasikiliza. Leo nayaelewa ambayo sikuyaelewa wakati ule: kama angesema aliuliza, bwana mganga angefurahi na mimi ningekuwa dada wa Chilewa maisha yangu yote. Kama angesema hakuuliza, habari ingefika bomani kwamba mchanjaji wao anatangaza vijijini kuwa watu wanakwaruzwa kwa nguvu, na kazi yake ingekuwa mashakani.

"Niliwauliza wote kwa pamoja," akasema. "Jumbe akajibu wanakubali."

"Nilikuwepo," akasema baba kwa masikitiko. "Jumbe alikubali kwa niaba yetu."

"Na jumbe mwenyewe alichanjwa?" akauliza Msonjela.

Iddi akaangalia chini. "Hapana, mzee. Alisema ana kazi, atachanjwa siku nyingine."

Zizi zima likacheka, hata askari akageuza uso pembeni. Msonjela hakucheka. Akasema, "Mimi sijauliza habari za jumbe. Nimeuliza habari za binti."

Iddi alikunja mikono ya kanzu yake, akaikunjua. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Yeye ndiye aliyeniuliza mimi. Aliniuliza kinatoka wapi na kinafanya nini. Sikumjibu. Nilimwambia ageuze mkono." Akamwangalia askari moja kwa moja, kama anayemwambia apeleke salamu zote bila kupunguza. "Lakini nawe mzee unisikie. Nimezika ndugu zangu wawili kwa ndui. Dawa hii inakinga, aliyekubali na asiyekubali. Mstari ni mrefu, malengelenge yanakauka, na ndui nayo haimwulizi mtu."

"Ndui siyo mtu," akasema Msonjela. "Wewe ni mtu."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile. Nimeiona ndui ilipotufikia kweli, ikapita kwenye nyumba za waliokimbilia vilimani na kuwaacha wengi wetu wenye makovu begani, kwa hiyo nasema wazi kwamba Iddi alituokoa, na Neema akija na sindano yake mimi natangulia. Ila maneno ya Msonjela nayo nimeyabeba, na sioni kama yanagombana na sindano. Iddi mwenyewe aliyabeba. Mwanaidi anasema mpaka anazeeka, kila alipomchanja mtu alimweleza kwanza, hata awe mtoto wa kunyonya alimweleza mama yake, na wakubwa wake walimwita mvivu kwa ajili hiyo.

Msonjela alikata maneno. Pasipo na kuulizwa hapana undugu, akasema. Hapa kuna mikono iliyokwaruzwa tu. Yule mtoto hakuulizwa, mama yake hakuulizwa, binti hakuulizwa, kijana hakuulizwa, na hakuna mtu anayeweza kusema ndiyo kwa kinywa cha mwenzake. Mjomba wa Chilewa akapiga kigelegele kama mwanamke. Baba akafuta jasho, na nilimwona bega lake likishuka, kwa kuwa kurudisha ng'ombe hakukuwa kumempendeza hata yeye. Chilewa alikuwa amesimama, ameachia meno yote. Ndani, mama alinikumbatia kwa nyuma tukiwa tumepiga magoti wote wawili, na nilifurahi sana.

Ndipo nikamsikia baba akisema, "Basi, mjomba, ng'ombe wabaki. Sisi tumekubali. Harusi iendelee."

"Tumekubali," akajibu mjomba.

Sijui nini kilininyanyua. Mama alinivuta nguo, nikamponyoka. Nilitoka mlangoni nikiwa na unga hadi kwenye viwiko, nikasimama mbele ya wanaume wote wale, nikasema, "Na mimi, nani ameniuliza?"

Baba akanyanyuka. "Rudi ndani, Mbeleje!" Alikuwa hajawahi kunipiga, lakini siku ile nadhani angenipiga. Msonjela akamshika shuka, akamkalisha. "Kaa, bwana. Maneno yangu hata mate hayajakauka." Na nilimwona yule mzee mchokozi anajizuia kucheka. "Haya, kijana. Una mdomo mrefu siku zote. Uliza."

Chilewa, aliyekuwa akisema hata na mawe, alishikwa na kigugumizi. Akanijia, akasimama karibu, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbeleje, unakubali nikuoe?"

Nikamwambia bado sijui. Nikamwuliza nitakaa nyumba moja na mama yake, au atanijengea chumba changu? Akasema atajenga, udongo ameshaanza kuukanda. Nikamwuliza hao ng'ombe waliokuwa wanapotea, walipotea kweli? Akasema hapana, hata mmoja, na wazee wakaguna. Kisha nikamwuliza lile lililokuwa limenikaa moyoni tangu nilipoposwa. "Reli ikienda Tabora, utakwenda nayo?"

Nilitaka aseme hapana. Alijua kwamba nataka aseme hapana. Aliangalia upande wa kambi, akaniangalia mimi, akasema, "Nitakwenda. Sijui kwa muda gani. Nitarudi, lakini siwezi kukudanganya kwamba sitakwenda."

Nikaanza kujipangusa mikono. Unga ukanidondokea miguuni. Baba alikuwa ananingoja, Msonjela ananingoja na tumbaku yake vidoleni, Iddi ananingoja, hata askari wa boma pale langoni ananingoja. Tangu nizaliwe hakuna mtu mzima aliyewahi kuningoja niseme neno. Nikawaacha wangoje kidogo zaidi, kisha nikasema ndiyo.